Nusu Sentimita

Bolti zinazobana hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, zilikuwa kumi, na ya saba ilikatikia ndani. Mzee alikuwa ameinama, shavu karibu liguse chuma, na mlio wa kukatika ulipotoka alinyoosha mgongo polepole, akajifuta mikono kwa kipande cha kitambaa alichopewa na mkamwana wake, masalio ya suruali ya mteja.

"Chuma nacho huchoka," alisema. "Tusikilaumu."

"Kwa hiyo tutanunua moja, baba?" mkamwana aliuliza. Alikuwa amechuchumaa pembeni na karai la kukingia mafuta machafu.

"Moja!" Mzee akacheka. "Injini ikishachemka vile, bolti zote zinavutika. Wewe mshonaji, si unaijua lastiki ya suruali iliyofuliwa miaka kumi? Haishiki tena. Zote kumi zinatoka, zote kumi zinaingia nyingine."

Mshonaji naye akacheka, kwa sababu mzee akitania ilikuwa dalili njema, na dalili njema uani kwao zilikuwa adimu. Gari lilikuwa limelala pale siku kumi na mbili tangu injini ichemke njiani, boneti wazi kama mdomo wa mtu aliyesinzia. Lilikuwa gari la watu saba, mali ya mumewe aliyeliendesha mwenyewe, nalo ndilo lililolipa kodi ya vyumba viwili, unga, na dawa za sukari za mzee. Kila asubuhi lilibeba watoto wa shule ya chekechea, na kila mchana likawarudisha. Mwalimu mkuu alikuwa amevumilia wiki ya kwanza, akaguna ya pili, na Alhamisi akapiga simu akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba Jumatatu saa kumi na mbili na nusu gari lisipokuwepo langoni, atamchukua mtu mwingine. Hii ilikuwa Ijumaa.

Mafundi mtaani walijaa tele. Lakini mumewe, ambaye tangu gari lilale alikuwa akibeba magunia kwenye ghala la unga, hakutaka hata kuwasikia. "Fundi yupo nyumbani," alisema. "Nikamlipe mwingine, watu niwaambie nini?" Na ni kweli, mzee alikuwa fundi. Kwa miaka arobaini watu walimwita Bwana Sikio, kwa kuwa aliweza kusimama kando ya barabara, gari likapita, akakwambia ni kipi kitakachokufa ndani yake na kitakufa mwezi gani.

Masikio yalikuwa bado mazima. Mengine ndiyo yaliyokuwa yakiondoka, na aliyejua ni mkamwana peke yake. Wiki tatu nyuma alimkuta mzee jikoni ameshika sufuria ya chai kwa mikono mitupu, ameitoa motoni, anaimimina taratibu kama mtu aliyeshika kikombe cha maji baridi. Harufu ndiyo iliyomshtua mzee. Alitazama viganja vyake, akatazama mkamwana, akasema, "Vidole vya fundi ni vigumu, mwanangu." Mshonaji akampaka dawa, akamfunga vitambaa, na mumewe aliporudi akaambiwa ni maji ya rejeta. Mke ndiye aliyetunga uongo huo. Mzee aliula kimya pamoja na chakula chake.

Jumamosi asubuhi wakaenda wote wawili kwenye duka la vipuri. Mzee alivaa shati lake la kola na kubeba bolti moja ya zamani mfukoni, iwe sampuli. Njiani alimshika mkamwana bega, akadai magoti yanamsumbua. Kila walipofika penye ngazi au mtaro, mkamwana alisema kwa sauti, "Hapa pana shimo, nisije nikaanguka," kana kwamba anajionya mwenyewe.

Duka lilikuwa na kaunta ya kioo na foleni ya watu wenye haraka. Mwenye duka hakuinua uso.

"Gari gani?"

Mzee akataja gari, mwaka, na namba ya injini yote kichwani, bila kukwama. Watu wawili kwenye foleni wakamgeukia kwa heshima. Mwenye duka akafungua kitabu kikubwa cha picha, akakizungusha juu ya kaunta upande wa mzee.

"Hiyo injini ilitoka na aina mbili za bolti, mzee. Kuna fupi, kuna ndefu. Angalia mwenyewe, nionyeshe yako ipi."

Mzee akainama. Akasogeza uso, akaurudisha nyuma, akasogeza tena. Kidole chake kikatembea kwenye ukurasa kikatua mahali.

"Hii."

"Hiyo ni chujio la mafuta, mzee."

Nyuma mtu akacheka, kisha mwingine. "Mzee anunue miwani kwanza," sauti ikasema, "bolti zitafuata." Mzee hakugeuka. Shingo yake tu ndiyo iliyokaza. Mshonaji alisogea kama mtu anayetaka kuona picha, akakivuta kitabu kidogo kidogo mpaka picha ya bolti fupi ikawa chini ya kidole cha mkwewe.

"Baba alimaanisha hii," akasema. "Karatasi ilisogea."

"Hizo karatasi zenu," mzee akasema. "Mimi nimeifahamu injini hii kabla hujajua kupiga mswaki." Akatoa sampuli akaiweka juu ya kioo. "Kama hii. Kumi."

Mwenye duka akataja bei. Mshonaji alikuwa na theluthi yake kwenye pochi, na theluthi hiyo ilikuwa na jasho la magunia.

"Hatuwezi kupata nusu seti?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Injini yenu ni nusu?" mwenye duka akajibu kwa sauti ya juu, na foleni nzima ikafurahi. Umaskini una adhabu nyingi, na mojawapo ni kuwachekesha watu bila malipo.

Wakatoka. Mzee alitembea hatua nyingi bila kumshika bega, akajikwaa kwenye ukingo wa barabara, akalishika.

Mwuza vyuma chakavu waliyemwendea aliitwa Kutu, na jina lilimfaa kuanzia nywele mpaka kucha. Alikuwa na eneo lenye ukuta wa milango ya magari, na ndani yake injini zilizolala ubavu, kila moja na historia isiyoulizwa. Alipomwona mzee alisimama, akapangusa kiti kwa mkono.

"Bwana Sikio mwenyewe! Leo nimebarikiwa. Karibu, baba yangu, karibu."

Uso wa mzee ukafunguka. Mkamwana aliuona ukifunguka na moyo ukamwuma, kwa jinsi furaha ile ilivyokuwa kubwa kwa sababu ndogo. Kutu alisikia shida, akatoweka nyuma, akarudi na kopo la rangi lililojaa bolti, akazimwaga juu ya gunia.

"Zimetoka injini moja, nimezifungua kwa mikono yangu hii. Lakini nani amfundishe Bwana Sikio bolti? Chagua mwenyewe, mimi nitajifunza."

Mzee akachuchumaa. Akaokota moja baada ya nyingine, akaipitisha kati ya dole gumba na cha shahada, akatikisa kichwa, akaiweka kando. Alifanya kwa madaha, haraka haraka, huku Kutu akisema "Alaa!" na "Angalieni mikono hiyo!" Wahenga walimsema mgema anayesifiwa akatia tembo maji. Hapa aliyesifiwa alikuwa mnunuzi, na maji yalimwingia yeye. Kumi zikapatikana kwa dakika chache. Bei ilikuwa ile ile ya pochini, kana kwamba Kutu alikuwa ameichungulia.

"Umeona?" mzee akamwambia mkamwana njiani. "Mtu anayejua kazi humtambua mwenzake. Yule wa kitabu ni mwuza karatasi."

"Kweli, baba."

Nyumbani mshonaji alimimina mafuta ya taa kwenye karai akaziosha bolti kwa brashi ya zamani. Ilipotoka kutu ya nje alizipanga kwenye ubao, zimelala kwa safu, vichwa upande mmoja. Hapo ndipo alipoona. Vichwa kumi vilikuwa mstari mmoja, lakini miguu haikuwa. Ya nne na ya tisa zilichungulia mbele ya nyingine.

Alidhani jicho limemdanganya. Akavua futi iliyokuwa shingoni mwake, maana haikutoka shingoni ila akilala, akapima. Nane zilikuwa sentimita kumi na tatu kamili, sawa na ile sampuli. Mbili zilikuwa kumi na tatu na nusu. Akapima tena kutoka upande wa pili wa futi. Nusu sentimita. Kwenye mkono wa shati mteja asingeirudisha nguo kwa nusu sentimita, lakini alikumbuka maneno ya mwenye duka: kuna fupi, kuna ndefu.

Mzee alikuwa ameshakitoa kile kipande kilichokatikia ndani, sasa amekaa kwenye benchi akisafisha spana zake.

"Baba," alisema, akipiga goti kama anayemkaribisha chakula, "hizi mbili naona kama zimezidi kidogo."

"Lete."

Akampa moja ndefu na moja fupi. Mzee akazisimamisha pamoja kwenye kiganja, akapitisha kidole juu ya ncha zake. Kidole kilipita pale ncha moja ilipozidi na hakikusita hata kidogo.

"Zinalingana."

"Nimepima kwa futi, baba. Nusu sentimita."

Mzee akaacha kazi. "Futi ya nguo haipimi chuma, mwanangu. Kitambaa kinavutika, chuma kinapumua. Jicho hudanganya, mkono haudanganyi." Akatabasamu ili kupunguza ukali. "Asiyesikia la mkuu?"

"Huvunjika guu," akaitikia, kama mtoto darasani.

Methali hiyo ni nzuri. Haisemi tu mkuu mwenyewe akivunjika guu abebwe na nani.

Mumewe alirudi jioni mabega meupe kwa unga. Alikuwa akinawa uani, na mkewe anammiminia maji. Kwenye kiganja cha kulia malengelenge yalikuwa yamepasuka.

"Kesho mchana litawaka?" dereva aliuliza.

"Baba anasema hivyo." Akamimina. "Mume wangu, nataka kukwambia jambo kuhusu baba. Mikono yake..."

"Usianze na baba."

"Sijaanza. Nasema tu mikono yake siku hizi..."

"Hebu nisikilize." Maji yalikuwa yakimchuruzika usoni na hakuyafuta. "Leo nimebeba magunia kuanzia saa moja. Hakuna anayejua jina langu pale. Naitwa 'wewe mrefu'. Kijana niliyekuwa nambebea watoto wake kwenye gari langu amenipita akajifanya hanijui. Nimebakiwa na kitu kimoja tu, kwamba baba yangu ni fundi ambaye hakuna kama yeye. Usikiguse, mke wangu. Tafadhali."

Alisema tafadhali, na hilo ndilo lililomfunga mdomo. Angefoka, mkewe angefoka naye, na katikati ya kelele ukweli ungeweza kupenya. Tafadhali haina pa kupitia.

Usiku alilala akipanga. Jumapili asubuhi mumewe alipokwenda ghalani, mshonaji alichukua sampuli, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda benchini.

"Baba, napeleka gauni la mteja. Sichelewi. Unisubiri nirudi nikushikie taa, usikaze peke yako."

"Nitakusubiri."

"Kweli, baba?"

"Mimi ni mtoto?" mzee akasema. "Nenda."

Hakukuwa na gauni. Kulikuwa na pesa ya bitana aliyoachiwa na mteja, pesa ya mtu. Alirudi kwanza kwa Kutu, akakuta mlango una kufuli. Akaenda duka la kwanza, la pili, akaambiwa seti haivunjwi. Duka la tatu walimuuliza mumewe yuko wapi mpaka amtume mwanamke bolti za hedi. Alitembea mpaka kandambili moja ikamkatika ukanda, akaifunga kwa uzi aliokuwa nao pochini.

Mwisho alielekezwa kwa mkereza vyuma, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa waya, ambaye Jumapili kwake ilikuwa siku kama nyingine. Alipokea sampuli bila kucheka. Akaipima kwa kipimo chake cha chuma, akahesabu meno ya parafujo kwa ukucha, kisha akapekua droo moja, mbili, tano. Saa nzima ilipita. Hatimaye akaweka bolti mbili mezani, akazisimamisha kando ya sampuli. Zilikuwa kama mapacha watatu.

"Nani kakwambia utafute mbili tu?"

"Nilipima kwa futi. Mbili zilizidi nusu sentimita."

Mkereza akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Umeokoa injini, mama. Shimo lile lina mwisho. Bolti ndefu inafika chini kabla kichwa hakijagusa. Anayekaza anaona bado, anaongeza nguvu, na bloku, ule mwili wa injini, inapasuka kama chungu. Mwambie fundi wako asikaze mpaka ufike."

"Ameahidi atanisubiri."

Alilipa pesa ya bitana yote akaondoka karibu anakimbia, bolti zikigongana kiganjani, kandambili ya uzi ikimpiga kisigino. Kwa mara ya kwanza katika siku kumi na nne alijisikia mwepesi. Alishapanga atakavyofanya: angezibadilisha kimyakimya ubaoni, mbili kwa mbili, na mzee angekaza bolti zake mwenyewe, na gari lingewaka, na mumewe angeendelea kuwa na baba ambaye hakuna kama yeye. Hakuna mtu ambaye angejua.

Akiwa langoni alisikia spana ikilia, krr, krr, kisha ikanyamaza. Kisha akasikia ko, moja tu, fupi na nzito.

Mzee alikuwa amesimama mbele ya gari. Spana ilikuwa imechomekwa bomba refu kuongeza nguvu, na mikono yake yote miwili ilikuwa bado kwenye bomba. Alikuwa amegeuza kichwa pembeni, sikio limeelekea injini, kama alivyokuwa akifanya zamani magari ya watu yakipita.

"Mwanangu," alisema. "Umerudi?"

"Nimerudi, baba."

"Angalia upande wa kushoto, chini ya bolti ya nne. Niambie unaona nini."

Akaenda akaangalia. Ufa ulikuwa mwembamba kama uzi namba hamsini, umeanzia kwenye shimo la bolti umeshuka mpaka kwenye njia ya maji. Tone moja la maji meusi lilikuwa limeshaanza kujikusanya.

"Ni ufa, baba."

"Mrefu?"

"Mrefu."

Mzee akaachia bomba. "Nilitaka ukirudi ukute linaunguruma," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, kwa sauti ambayo mkamwana hakuwahi kuisikia kwake, "Nilitaka pia usiwepo. Unanitazama sana mikono."

Mshonaji alisimama na bolti mbili sahihi mkononi, zimepata joto la mwili wake, na akajua kwamba kuzionyesha ni kusema: nilijua. Akaingia ndani, akazitumbukiza kwenye kopo la vifungo, akalifunika.

Dereva alirudi saa nane. Hakuna aliyemwambia; aliona nyuso, kisha akauona ufa. Alifungua bolti ya nne mwenyewe, akafungua na nyingine zote, akazilinganisha kwa macho yake mazima kwenye mwanga wa mchana. Hakuhitaji hata futi.

"Hizi mbili ni ndefu," alisema. "Baba? Mtoto mdogo angeona kwamba hizi ni ndefu." Hakuwa akilaumu bado. Alikuwa akiuliza kwa kweli, kama mtu anayeomba apewe jibu la kumfaa. "Baba, uliziangalia?"

Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, viganja juu. Alifungua mdomo. Uso wake ulikuwa umeelekea kidogo kulia kuliko pale mwanawe aliposimama. Dakika moja zaidi na mwanawe angeona hilo pia.

"Ni mimi," mkewe akasema. "Baba aliniambia nizilinganishe nikiziosha. Sikuzilinganisha, nikaenda kupeleka gauni."

Alimpa mzee muda wa kusema hapana. Kila mtu pale uani alipewa muda huo. Mzee alifunga mdomo.

"Wewe?" dereva akasema. "Wewe mshonaji? Futi iko shingoni mwako, kazi yako ni kupima! Umepima suruali za watu miaka sita, umeshindwa kupima kitu kinachokulisha?" Akatupa bolti kwenye karai. "Nilikupa baba yangu umsaidie, ukaenda kupeleka gauni."

"Nisamehe."

"Gauni!" akasema, na sauti ikamkatika.

Simu ya mwalimu mkuu ilikuja jioni. Dereva aliipokea amesimama, akasema "ndiyo, mwalimu" mara nne na "ninaelewa" mara moja. Mwalimu alimwambia watoto watamkumbuka, na akamwomba kama anaweza kupeleka Jumatatu vile viti viwili vidogo vya shule vilivyobaki garini. Alivipeleka kwa miguu, kimoja kila bega.

Siku ya Alhamisi Kutu alikuja na mizani. Alimsalimia mzee kwa "shikamoo" tu, bila Bwana Sikio. Injini iling'olewa, ikapimwa kwa kilo kama chuma kingine chochote, na bolti zote kumi, zile nane na zile mbili, alizihesabu akazirudisha kwenye kopo lake la rangi. Mzee akaomba abaki na moja. Kutu akasita, kisha akamrushia ya juu kabisa, iliyokuwa ndefu, akisema hiyo ni zawadi.

Alasiri, gari tupu likiwa limeshavutwa, uani kulibaki doa la mafuta na mzee kwenye benchi. Mshonaji alikuwa ndani kwenye mashine, akishona kwa bitana aliyoikopa kwa mtu mwingine. Mumewe hakuwa amemsemesha tangu Jumapili, ila "chumvi" na "maji."

"Mwanangu," mzee akaita. "Niletee zile zako."

Akatoka. "Zipi, baba?"

"Ulizokuja nazo siku ile. Zilikuwa zinagongana mkononi mwako tangu kona. Mbili. Chuma kizuri." Alikuwa akitazama lile doa, au mahali alipodhani lipo. "Nilizisikia, lakini mkono ulikuwa umeshavuta."

Mshonaji alirudi ndani akafungua kopo la vifungo. Alimpa bolti moja. Mzee akatoa ile ndefu mfukoni, akazisimamisha kiganjani, akapitisha kidole juu ya ncha, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwa subira ya mtu anayemtafuta ndugu yake gizani.

"Soma," alisema.

Akavua futi. "Hii kumi na tatu, baba. Hii kumi na tatu na nusu."

"Kwangu zinalingana," mzee akasema. "Hata sasa, wewe umeshaniambia, na bado zinalingana."

Machozi yalimtoka, na hakuyafuta kwa kuwa labda hakujua yamefika wapi. Mkamwana akapiga goti mbele yake. Alitaka kumwambia yaishe, na alitaka pia, kwa nguvu ile ile, kumwambia aende akaseme.

"Nitamwambia," mzee akasema. "Akirudi leo nitamwambia. Haifai."

"Haya, baba."

Lango likalia. Dereva aliingia na unga mabegani, akasimama, akawaona: baba yake kwenye benchi, mkewe chini, bolti na futi katikati yao. Mshonaji hakuinuka. Alikuwa akimtazama mzee, na mzee alikuwa ameuelekeza uso kwenye hatua za mwanawe, safari hii barabara kabisa, bila kukosea hata kidogo.

"Umerudi, mwanangu," mzee akasema, na bolti zikapotea mfukoni. "Nipo hapa namfundisha mkeo kupima."

Dereva alivua shati, akalikung'uta unga, akalitundika kwenye kamba.

"Ungemfundisha mapema, baba," alisema, akaingia ndani.

Mshonaji akaivaa futi yake shingoni, akaenda kumtengea mumewe maji ya kunawa.